Kupimwa Macho

Kuna swali ambalo limenisumbua kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, nalo ni hili: mtu akimdhulumu mwenzake kwa sababu ya kutojua, je, ana hatia? Wengi hulijibu swali hili upesi. Wako wasemao kwamba asiyejua hana kosa, na wako wasemao kwamba kutojua si udhuru. Zamani mimi nilikuwa katika kundi la kwanza, hasa kwa kuwa lilinifaa. Nitaeleza jinsi nilivyotolewa humo, na namwomba msomaji anivumilie, maana itanibidi nianze na habari za macho yangu mwenyewe.

Mwaka 2014, miaka miwili baada ya kustaafu ualimu, jicho langu la kushoto lilianza kutoka nje. Si mimi niliyelitambua. Kinyozi wangu ndiye aliyenigeuza kwenye kioo akaniambia, "Mzee, mbona jicho hili linanikodolea hivi?" Tukacheka. Nyumbani mke wangu aliniambia kwamba usiku nalala jicho halijafumba vizuri, weupe unaonekana. Nikamjibu kwamba wahenga walisema macho hayana pazia. Hilo nalo likawa la kuchekesha. Asubuhi niliamka nahisi mchanga machoni, na nikitoka kwenye upepo machozi yalinitiririka kama mtu aliyefiwa. Nilidhani ni vikope, nikanunua dawa ya matone dukani. Wakati huohuo nilikuwa nakula sana na kukonda, moyo ukinienda mbio hata nikiwa nimekaa. Mke wangu akahofu kisukari. Mimi sikuhofu kitu. Nilikuwa nikivuta pakiti moja ya sigara kwa siku tangu ujanani, na kila kilichonipata nilikuwa nimezoea kukiita uzee.

Daktari wa kwanza aliyeniona hakuanza na jicho. Alisimama nyuma yangu, akanishika shingo kwa vidole vya mikono miwili, akaniambia nimeze mate. Kisha akaniambia ninyooshe mikono mbele, akaweka karatasi juu ya vidole vyangu. Ile karatasi ikatetemeka kama jani. Akasema tatizo liko kwenye tezi ya shingoni, ambayo wataalamu huiita tezi dundumio au thairoidi, na kwamba jicho lilikuwa linatoa habari tu.

Ugonjwa wenyewe una historia ndefu. Daktari Robert Graves wa Dublin, Ireland, aliuandika mwaka 1835, na watu wa Uingereza huuita kwa jina lake. Mwaka 1840 Karl von Basedow wa Merseburg, Ujerumani, alieleza mambo matatu yanayokwenda pamoja: rovu, moyo kwenda mbio na macho kutoka nje. Wajerumani hadi leo huuita kwa jina lake yeye. Sisi wa huku tunalijua rovu la kukosa madini joto, lile ambalo chumvi yenye madini hayo imelipunguza sana. Hili si hilo. Katika ugonjwa huu kingamwili, ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, huikosea tezi na kuifanya itoe homoni kupita kiasi. Mara nyingine hushambulia pia nyama na mafuta yaliyo nyuma ya jicho. Nyama hizo huvimba. Tundu la jicho ni la mfupa, halitanuki, kwa hiyo jicho husukumwa mahali pekee penye nafasi, yaani mbele.

Damu yangu ilipimwa. Walitazama homoni za tezi yenyewe, na ile homoni iitwayo TSH ambayo hutoka chini ya ubongo kuiamrisha tezi. Baadaye damu ilipelekwa maabara kubwa zaidi kutafuta zile kingamwili. Majibu yote yalisema jambo moja. Nilidhani kazi imekwisha. Daktari akanieleza kwamba damu husema habari za tezi tu. Wako watu wenye macho ya ugonjwa huu na tezi zao zinafanya kazi sawasawa, na wako wenye tezi iliyochafuka ambao macho yao hayana neno. Jicho lazima lipimwe kwa njia yake. Akaniandikia kwenda hospitali ya rufaa.

Huko nilimkuta daktari wa macho, mwanamke kijana wa umri wa binti yangu wa mwisho. Nilikuwa nimetegemea mashine. Badala yake alivuta kiti, akaanza kuniuliza maswali. Je, nyuma ya jicho kunauma hata nikiwa nimetulia? Je, nikitazama juu au chini kunauma? Akaandika. Kisha akatazama kama kope ni nyekundu, kama zimevimba, kama weupe wa jicho ni mwekundu, kama umejaa maji, na kama kile kinyama cha kwenye kona ya jicho kimevimba. Hesabu hii ya mambo saba imetokana na ile iliyotungwa na madaktari wa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 1989. Kila jambo lina alama moja. Ukipata tatu au zaidi, ugonjwa uko katika moto wake, na dawa ya kutuliza uvimbe huweza kusaidia. Ukipata chache, huenda moto umekwisha zima na kilichobaki ni kovu, ambalo dawa hailiondoi.

Nilipokuwa nimelazwa baadaye niliitafakari sana hesabu ile. Katika mambo saba, mawili ya kwanza hayaonekani. Ni maneno ya mgonjwa tu. Daktari hana chombo cha kuyahakikisha, ila anayapa alama sawasawa na yale anayoyaona kwa macho yake. Sikuwahi kuwaza kwamba katika kipimo cha kitabibu, kilichochapishwa na kutumiwa dunia nzima, kumesadiki mtu kumewekwa kama sehemu ya hesabu.

Lilifuata jambo la kope nyekundu. Alinisogeza dirishani, akaitazama kope yangu kwa muda, kisha akamgeukia mke wangu. "Mama, kope za baba zilikuwa na rangi hii siku zote?" Mke wangu akasema hapana, zimeiva. Daktari akaandika alama. Alinieleza kwamba wekundu wa kope huonekana wazi kwenye ngozi nyeupe, lakini ngozi nyeusi huuficha. Daktari asiyekuwa mwangalifu huweza kumpunguzia mgonjwa mweusi alama anayostahili, akamwambia ugonjwa wake umepoa kumbe unawaka.

Baadaye akatoa chombo kidogo kama rula yenye vioo viwili. Kilibuniwa na Mjerumani, Ernst Hertel, mwaka 1905, na hakijabadilika sana tangu hapo. Miguu yake miwili huegemezwa kwenye mfupa wa pembeni mwa kila jicho, na vioo huonyesha jicho limetokeza milimita ngapi mbele ya mfupa. Akasoma: la kushoto milimita 24, la kulia 21. Akaandika pia upana aliouweka baina ya miguu ya chombo, 100, ili atakayenipima safari nyingine aweke upana uleule. Akisogeza kidogo, alisema, nambari zitabadilika wakati jicho liko palepale.

Nikamwuliza kama 24 ni nyingi. Jibu lake nimelikumbuka hadi leo.

"Inategemea baba unalinganishwa na nani," alisema. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1984 ulionyesha kwamba kwa mwanamume mweupe mpaka wa kawaida ni karibu milimita 22, na kwa mwanamume mweusi ni karibu 25. Kwa jedwali la kwanza mimi nilikuwa mgonjwa. Kwa jedwali la pili jicho langu lilikuwa la kawaida kabisa. "Lakini macho yako mawili yanatofautiana kwa milimita tatu, na hilo si la kawaida kwa mtu yeyote. Na mimi sitaki kukulinganisha na Mzungu wala na Mmarekani mweusi. Nataka kukulinganisha na wewe. Nyumbani mna picha yako ya zamani?"

Mke wangu akasema zipo. Wakati huo daktari alikuwa bado na kipimo kimoja. Alichukua kichupa cha dawa chenye kifuniko chekundu, akaniambia nifunge jicho la kulia, nikitazame kifuniko kwa jicho lile bovu la kushoto. Nikaona wekundu mzuri, kama wa pilipili mbivu. Akaniambia nibadilishe. Kwa jicho la kulia, lile zuri, lile ambalo kinyozi hakulisema na mimi sikulifikiria, kifuniko kilikuwa na rangi ya tofali lililochujuka.

Sikuwa nimejua. Mtu akitumia macho mawili pamoja, lililo zima humfichia mwenzake. Daktari akanyamaza, akanimulika tochi jicho moja baada ya jingine akitazama jinsi mboni zinavyojikunja, akaniletea kitabu cha madoadoa ya rangi kilichobuniwa na Mjapani Ishihara, kisha akaandika karatasi ya picha ya siti skani ifanyike siku ileile. Picha ilionyesha kwamba nyama za jicho la kulia zilikuwa zimevimba zaidi huko nyuma kabisa, mahali tundu linapokuwa jembamba, zikaibana neva inayopeleka kuona kwenye ubongo. Jicho la kushoto lilijiokoa kwa kutoka nje. La kulia lilishikiliwa ndani, shinikizo lote likabaki humo. Bila dawa ningeweza kupofuka jicho ambalo kila mtu alilisifu.

Nililazwa jioni ile, nikaanza kutundikiwa dawa ya kutuliza uvimbe kwa njia ya mshipa. Daktari aliniambia pia niache sigara, akaeleza kwamba uvutaji huukuza ugonjwa huu wa macho na kuidhoofisha tiba yake. Niliacha. Si kwa ushujaa. Niliacha kwa woga wa rangi ya tofali.

Mke wangu alileta picha kesho yake. Ilikuwa picha ya walimu wa shule niliyokuwa mkuu wake, mkoani Shinyanga, iliyopigwa mwaka 1994. Mimi nimekaa katikati ya mstari wa mbele, mikono juu ya magoti. Daktari aliitazama kwa lenzi. "Hapa macho yako sawa," akasema. "Unaona, kope ya juu inafunika kidogo ukingo wa juu wa lile duara jeusi. Ndivyo inavyotakiwa." Kisha lenzi ikasogea juu, kwenye mstari wa nyuma, ikasimama.

"Na huyu mama," akauliza, "alitibiwa?"

Nikaichukua picha. Alikuwa mwalimu wa Jiografia. Macho yake yalikuwa wazi kupita wenzake wote, weupe ukizunguka lile duara juu na chini, kama mtu aliyeshtuliwa na kitu kilichoko nyuma ya mpiga picha. Nimekuwa na picha ile ukutani miaka ishirini. Nilimwambia daktari kwamba sijui. Lilikuwa jibu la kweli, lakini kulikuwa na mengine niliyoyajua.

Nilijua kwamba mwalimu yule alikuja shuleni kwangu mwaka 1990, mpole na mcheshi. Nilijua kwamba mwaka 1993 alianza kubadilika. Chaki zilimkatikia mkononi. Katika baridi ya mwezi wa saba alitokwa jasho, akawa anafungua madirisha ya chumba cha walimu huku wenzake wamejifunika makoti. Alikonda, na mapumziko ya saa nne alikula zaidi ya mtu yeyote. Alikuwa mwepesi wa hasira. Na macho yake yalikuwa yanakutazama bila kupepesa. Wanafunzi walilalamika kwamba anawatolea macho. Siku moja, katika kikao cha walimu, nilimkosoa kwa kuchelewa kusahihisha mitihani, naye akanikazia macho yale mpaka nikamaliza. Nilitetemeka kwa hasira. Wiki ile nikamwandikia barua ya onyo kwa utovu wa adabu mbele ya mkuu wake na mbele ya wanafunzi. Nakala moja iliwekwa kwenye jalada lake.

Ukiitazama orodha ile, msomaji, utaona kwamba hakuna hata moja niliyoikosa kuiona. Niliona kila dalili ambayo daktari wa mwaka 1835 aliweza kuiona. Ila kila moja niliipa jina la tabia. Kutetemeka niliita woga. Jasho niliita dhamiri mbaya. Kukonda niliita maisha ya ovyo. Hasira niliita hasira. Na macho niliyaita dharau.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu zaidi kuandika. Usukumani miaka ile, ya 1980 na ya 1990, mikoa ya Shinyanga na Mwanza ilijulikana nchi nzima kwa mauaji ya vikongwe. Wanawake wazee waliuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na moja ya dalili walizohukumiwa nazo ni macho mekundu. Macho yale yaliiva kwa moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe, kwa miaka arobaini na hamsini ya kupikia watoto na wajukuu jikoni kusiko na dirisha. Mimi nilikuwa mkuu wa shule mwenye kuelimika, na jambo lile lilinikera. Nilisimama mbele ya wanafunzi mstarini, asubuhi, nikawaambia kwamba moshi si uchawi, na kwamba mtu amhukumuye bibi yake kwa rangi ya macho ni mshenzi. Walimu walinipongeza. Barua yangu kwa mwalimu wa Jiografia niliisaini katika muhula uleule.

Wala sikuwa sijui minong'ono iliyokuwepo. Alikuwa amepanga chumba kijijini, na tayari palikuwa na wanafunzi waliosema kwamba macho ya mwalimu yule si ya bure. Mkuu wa shule alipomwonya kwa ajili ya macho hayohayo, minong'ono ilipata muhuri. Hakudhuriwa, namshukuru Mungu. Lakini hakudhuriwa bila msaada wangu.

Hapo ndipo swali langu la mwanzo liliponikamata pale kitandani. Nilijitetea kama wakili. Nilisema: mimi nilikuwa mwalimu wa Historia, si daktari. Usilolijua ni kama usiku wa kiza. Hata hospitali ya karibu pengine isingeujua ugonjwa ule. Mkuu wa shule ana walimu wengi na wanafunzi mamia. Akingoja kumchunguza kila mtu kabla ya kumwonya, shule itakufa. Haya yote ni kweli na sijayakanusha hadi leo. Kuhukumu ni sehemu ya kazi ya kila mwenye dhamana, na hukumu zote hutolewa na watu wasiojua vya kutosha.

Lakini nilikuwa nimepimwa siku mbili mfululizo, na nilikuwa nimeona jinsi mtu asiyejua anavyoweza kuenenda. Daktari yule naye hakujua. Alipoingia chumbani hakujua kama jicho langu linawaka au limepoa, kama 24 ni nyingi au ni chache. Tofauti yetu haikuwa katika elimu peke yake. Yeye kwa kuwa hakujua, aliuliza. Aliuliza kama inauma, akayapa maneno yangu alama. Alimwuliza aliyenifahamu zamani. Alijua kwamba ngozi yangu ingeweza kumdanganya, akajihadhari na macho yake mwenyewe. Hakukubali kunipima kwa jedwali la watu wengine kama angeweza kunipima kwa picha yangu. Aliandika alipoegemeza chombo chake, ili mwingine aweze kumsahihisha. Na jicho lililopendeza hakuliacha bila kulipima.

Katika yote hayo, ni mangapi yaliyohitaji shahada ya udaktari? Kumwuliza mtu, "Mwalimu, siku hizi u mzima?" hakuhitaji. Kukumbuka kwamba miaka mitatu nyuma alikuwa mpole, na kushangaa kilichombadilisha, hakuhitaji. Mimi nilimlinganisha na mwalimu wa kike kama nilivyodhani anapaswa kuwa. Sikumlinganisha na yeye mwenyewe, ingawa nilikuwa nimemwona kila siku. Kuuliza si ujinga, nilikuwa nikiwaambia watoto darasani.

Nilipotoka hospitali, rangi nyekundu ikiwa imenirudia karibu yote, nilianza kumtafuta. Walimu hufahamiana, haikuchukua muda. Mwaka 2015 nilipanda basi kwenda Tabora. Alinipokea mlangoni akasema, "Shikamoo, Mkuu," kana kwamba tumeachana jana. Macho yake yalikuwa yametulia, ila akitazama juu aliinua kidevu kwanza, kwa kuwa jicho moja haliendi na mwenzake na huona vitu viwili viwili. Alinieleza kwamba ugonjwa uligunduliwa mwaka 1997, baada ya kuhama kwangu; tezi ikatolewa kwa upasuaji, na tangu hapo humeza kidonge kila asubuhi. Alinitazama jicho la kushoto kwa utulivu wa mtu anayeijua kazi. "Na wewe, Mkuu," akasema. "Pole sana."

Nikamwomba radhi kwa ile barua. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, nikayasema yote. Alisikiliza, akanimiminia chai.

"Barua nilikwisha kuisahau, Mkuu," akasema. "Lakini tangu siku ile nilifundisha nimeuelekea ubao, mpaka nilipohama. Watoto wa miaka ile walinijua kwa kisogo."

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa ananieleza tu ilivyokuwa. Lakini mimi nilikumbuka kitu ambacho sikuwa nimekikumbuka hata hospitalini. Mwisho wa mwaka 1995, katika kujaza taarifa za siri za walimu, mbele ya jina lake niliandika neno moja: "Amejirekebisha." Nilikuwa nimepita madirishani nikamwona anafundisha mgongo ukiwa kwa darasa, wanafunzi wametulia, hakuna anayelalamika kutolewa macho. Nikapendezwa. Sikujiuliza kwa nini mwalimu mzuri wa Jiografia hawatazami tena watoto wake. Sikumwambia jambo hilo pale Tabora. Nimeliandika hapa kwa mara ya kwanza, na nitampelekea nakala.

Basi nimerudi kwenye swali langu, na jibu nililo nalo ni hili. Kwa kutojua jina la ugonjwa ule sina hatia, na anayenihukumu kwa hilo ananionea. Kwa kutouliza ninayo hatia, lakini ni ile ya watu wengi, ya haraka na ya kazi nyingi, na mtu mwema anaweza kuisamehe. Kwa kuridhika ninayo hatia kamili. Nilipoona ameacha kututazama nilidhani nimefaulu, na kwa hiyo sikuwa na sababu tena ya kutaka kujua. Asiyejua anaweza kufundishwa. Aliyependezwa na matunda ya kutojua kwake hafundishiki, mpaka yampate yeye.

Kama katika nyumba yako au kazini kwako yuko mtu ambaye macho yake yamebadilika, mikono yake inatetemeka, anakonda naye anakula, usiseme ana dharau wala ana hila. Mwulize kama ni mzima, mtafute picha yake ya zamani, umsindikize kwenda kupimwa. Ni ugonjwa unaotibika, na macho yaliyowahiwa huokoka.

Mimi hadi leo huenda kupimwa mara moja kwa mwaka. Yule daktari amehamia kwingine, na anayenipima sasa ni kijana ambaye hakunijua nilivyokuwa. Kabla hajagusa uso wangu huifungua kadi yangu, hutafuta juu kabisa mahali palipoandikwa 100 kwa kalamu ya mwaka 2014, akaweka chombo chake kwenye upana huo. Kisha huniuliza kama inauma, akangoja nimjibu.